Tupeane uzoefu: Kuzamia Kota Kinabalu, siku kumi zinatosha?

Kasa Mkavu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tumedunduliza miaka miwili na sasa tiketi ziko mkononi: Dar, Doha, Kuala Lumpur, halafu Kota Kinabalu, mji mkuu wa Sabah, upande ule wa Malaysia ulioko kisiwa cha Borneo. Siku kumi kavu. Wote tuna cheti cha Open Water, kile cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi wa hewa, tulichochukulia Nungwi, na tangu hapo hatujagusa mtungi.

Ratiba yangu: siku ya kwanza tunatua asubuhi, mchana tunazamia. Ya pili hadi ya tano visiwa vya jirani na mji. Ya sita tunapanda basi la usiku kwenda mji wa Semporna. Ya saba na ya nane kisiwa cha Sipadan. Ya tisa tunarudi tupande Mlima Kinabalu, ya kumi tuko uwanja wa ndege. Mliofika huko mnaonaje? Nipeni na yaliyowakuta, msinionee haya.

Mzee Chumvi

Kijana, hiyo siyo ratiba ya mapumziko, hiyo ni ya mgombea ubunge.

Nikusimulie langu. Nilikwenda huko na kaka yangu, tukalipia kabisa mbizi za siku nne. Siku ya nne mbizi ya mwisho ilikuwa itoke saa tisa alasiri, na ndege yetu ya kwenda Kuala Lumpur ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Sisi tukaona sawa tu, usiku mzima upo katikati. Asubuhi tunajaza fomu pale ofisini, binti wa mapokezi akauliza ndege ni lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole mezani, akasita, akahesabu tena. Saa kumi na tano. Akasema leo hamshuki.

Ushauri unaofuatwa na wazamiaji dunia nzima ni huu: ukizamia mara moja tu, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18. Wengi wanaweka siku nzima ili wasihangaike kuhesabu. Sababu ni kwamba ukiwa chini hewa unayovuta imebanwa, naitrojeni inaingia kwenye damu na nyama za mwili, na inatoka polepole ukisharudi nchi kavu. Ukipaa kabla haijatoka, inageuka mapovu humo humo mwilini. Viungo vinauma, na kuna watu wamepooza.

Hela haikurudi, na hatukustahili irudi. Tulishinda kisiwa cha Mamutik tumekaa mchangani, tunatazama mapovu ya wenzetu yakipanda juu ya maji. Tangu siku hiyo safari ya kuzamia naipanga kinyumenyume. Natazama kwanza tiketi ya kurudi, nakata siku moja kavu kabla yake, ndipo nagawa zilizobaki. Jaribu na wewe uone ratiba yako inabaki na nini.

Dogo Likoni

Mzee Chumvi amemaliza, mimi niongeze la mlima kwa sababu lilinipata mwenyewe. Nimetoka Mombasa na kundi la watu sita, ofisi moja ya safari ikatupangia kila kitu. Siku tatu bahari, ya nne mlima. Hakuna aliyeshtuka. Jioni ya siku ya tatu tunasuuza vifaa, nikamwambia yule kiongozi wetu wa mbizi, kijana wa kabila la Bajau, kwamba kesho tunakwenda Kinabalu. Akaacha kusuuza. Akauliza, kwa gari mpaka chini tu, au juu? Nikasema juu.

Geti la Timpohon mnapoanzia kutembea liko mita 1,866. Kilele ni mita 4,095. Hata ofisi za hifadhi, unapofika kwa gari bila kutoa jasho, ziko zaidi ya mita 1,500. Ukipanda juu namna hiyo mwili hauulizi kama umepanda kwa ndege, kwa gari au kwa miguu.

Halafu Kasa, mlima ule haupandwi siku moja. Ni siku mbili na usiku mmoja, na kitanda cha huko juu unakishika mapema kwa kuwa nafasi zinahesabiwa. Na hilo basi lako la Semporna linapita Kundasang na Ranau, njia ya milimani hiyo hiyo. Yaani umezamia siku nne halafu usiku unapanda mlima umesinzia kitini.

Sisi wawili tuliahirisha, wanne wakaenda. Hawakupata chochote, lakini mmoja aliniambia usiku mzima hakulala, kila goti likiuma anajiuliza ni uchovu au ni lile jambo.

Ukiutaka mlima lazima, uweke mwanzo. Ila ujue magoti yatakuwa uji. Kupanda ngazi ya boti ukiwa na mtungi mgongoni baada ya kushuka Kinabalu si mchezo.

Kasa Mkavu

Mnanitisha na mnanisaidia. Basi nafuta mlima. Sipadan je? Ndiyo ndoto ya mke wangu, ameona picha za mizia wakizunguka kama kimbunga.

Bint Shangani

Kasa, kaka yangu, Sipadan si kisiwa cha jirani. Kutoka Kota Kinabalu unapanda ndege nyingine mpaka Tawau, kisha gari zaidi ya saa nzima mpaka Semporna, kisha boti. Kulala Sipadan hakuruhusiwi tangu mwisho wa 2004, hoteli zote ziliondolewa, kwa hiyo unalala Semporna au kisiwa kama Mabul. Vibali vya kuzamia ni vya idadi maalum kwa siku, watu wanavishika miezi kabla, na waendeshaji wanataka uwe na cheti cha Advanced, ngazi inayofuata baada ya Open Water. Nyie mna Open Water, mwisho wenu mita 18. Na ukirudi Kota Kinabalu kwa ndege, ile saa 18 inahesabika hapo pia. Kwa siku kumi chagua mji au chagua Semporna.

Sasa langu. Mimi nazamia na hijabu, na nilidhani nimejipanga. Nilivaa ile ya kuogelea inayobana kichwa. Mbizi ya kwanza, kisiwa cha Sapi, tuko kama mita sita, maji yakaanza kuingia kwenye miwani ya kuzamia. Nikapuliza kwa pua yakatoka. Yakarudi. Nikapuliza tena. Mpaka mita kumi macho yananiwasha chumvi, naona ukungu, na hewa yangu inakwisha haraka kuliko ya wenzangu kwa hizo puliza-puliza. Kumbe ukingo wa hijabu ulikuwa umeingia chini ya ule mpira wa miwani, hapa juu ya nyusi, upana wa uzi tu. Uzi! Mwalimu alinionyesha kwenye boti: vaa miwani kwanza ngozi kwa mpira, pitisha kidole kuzunguka uso wote, ndipo kofia ya kuzamia ije juu ya ukingo. Dada zangu mnaovaa, jaribuni nyumbani mbele ya kioo, msingoje baharini. Na nunueni miwani yenu wenyewe, vifaa vingine mtakodi huko.

La pili ni mafua. Ndege mbili tatu za baridi, umetua na pua imeziba, unameza kidonge ushuke. Usithubutu. Dawa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanasa sikioni wakati wa kupanda, na hapo kupanda huwezi na kubaki huwezi. Mimi nilikaa nchi kavu siku mbili nikanywa supu.

Chakula usiwe na wasiwasi, halali imejaa. Na lugha utacheka. Sabuni wanaita sabun, nanasi ni nanas, bendera ni bendera vile vile.

Mshika Kadi

Nipite haraka. Makaratasi.

Nchi zetu ziko kwenye orodha ya homa ya manjano, Malaysia wanataka kadi ya chanjo. Mimi nilijua hivyo, nikaenda kuchanja siku sita kabla ya safari, najiona mjanja. Muuguzi akaandika tarehe, akaniambia kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku kumi. Nikasogeza tiketi kwa gharama yangu. Ukishachanja mara moja ni ya maisha, hakuna tena ile habari ya kurudia kila baada ya miaka kumi, hilo lilibadilika 2016. Kama mlichanja zamani kwa safari nyingine, itafuteni hiyo kadi leo, siyo usiku wa kufunga mabegi.

Kuna fomu ya kuingia Malaysia ya kujaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Na msishangae mkitoka Kuala Lumpur kwenda Kota Kinabalu, ndege ya ndani kabisa, mkifika mnapanga foleni ya uhamiaji tena. Sabah wana mamlaka yao ya uhamiaji. Mimi pasipoti nilikuwa nimeifungia kwenye begi kubwa lililokuwa bado kwenye mkanda, nikasimama pale kama mtoro.

Potwe wa Kilindoni

Mimi wa Mafia, kwa hiyo mtanisamehe: unapita juu ya Chole kwenda Borneo kuona matumbawe? Haya, nimeshasema, moyo umetulia.

Lakini nilikwenda, mwezi wa tatu, nikifanya kazi Doha wakati huo. Miezi kama ya pili mpaka ya nne ndiyo papa potwe wanapita kwenye vile visiwa vitano, Gaya, Sapi, Manukan, Mamutik na Sulug. Wanafuata vijidudu vya majini, na vijidudu hivyo hivyo ndivyo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani, huoni mbali. Kwa hiyo chagua: ama potwe ama maji kama kioo. Mimi nilipata kijani na potwe sikumwona, nikarudi nyumbani kumwona wa Kilindoni bure.

Kuna kitu kimoja nilikisikia huko ambacho sikutarajia. Tuko mita kumi na nne, kimya, napiga jicho taa mmoja wa madoa ya buluu chini ya jiwe. Kikaja kishindo. Hakikuwa kikubwa, ni kama mtu amefunga mlango wa chuma mbali, lakini nilikisikia kifuani kabla ya masikioni. Wageni wawili wa Ulaya wakageuka kumtazama kiongozi, wakidhani ni injini. Mimi nilijua. Ni baruti. Nimeusikia mlio huo miaka ya nyuma nikiwa Dar, upande wa Kigamboni, wakati kuvua kwa mabomu kumeshamiri. Kiongozi alitingisha kichwa tu, akaonyesha kwa mkono twende. Huko juu hakulizungumza mpaka nilipomwambia kwamba hata kwetu uvuvi huo upo. Hapo akakaa chini tukaongea, akanionyesha sehemu ambayo mwamba umebaki vipande kama vigae. Ulizeni mapema mnazamia upande gani.

Fundi Mitungi

Nafanya kazi ya kuzamisha wageni Zanzibar, nisiseme mengi. Miaka miwili bila kushuka, lipieni mbizi ya kujikumbusha, na afadhali muifanye hapa hapa Unguja kabla hamjaondoka. Kule siku yenu moja ni ghali kuliko hapa.

Bima ya kawaida ya safari isomeni. Nyingi hazilipii kuzamia kabisa, nyingine zinaishia kina fulani. Na ile fomu ya afya, kama una pumu au umewahi kupasuliwa kifua usiifiche. Ukijibu ndiyo wanataka daktari atie saini, nendeni naye mkiwa bado Dar.

Siku ya kutua msizamie. Kule wako mbele yetu saa tano, mwili bado uko Dar umelala.

Kasa Mkavu

Nimekaa na mke wangu, tumeanza na tiketi ya kurudi kama alivyosema Mzee Chumvi. Siku ya kumi ndege. Ya tisa nchi kavu, tunakwenda soko la Jumapili la mtaa wa Gaya, bahati nzuri inaangukia Jumapili. Ya nane mbizi ya mwisho, na iwe ya asubuhi. Ya nne mpaka ya saba visiwani, na siku moja hapo katikati ya kupumzika. Ya kwanza mpaka ya tatu kulala, kuzunguka mji, msikiti ule wa majini pale Likas, na kuangalia kama mafua yamekuja. Sipadan amekubali isubiri mpaka tupate Advanced, ingawa amekubali kwa kununa. Nungwi tunakwenda wiki ijayo kujikumbusha. Kadi za manjano moja imeonekana, moja bado.

Swali la mwisho ni lake, siyo langu: pweza wapo?

Bint Shangani

Mwambie wifi wapo, jioni pale sokoni ufukweni wanachoma mbele yako, pweza, ngisi, samaki wa kila rangi. Unachagua mwenyewe, unakaa kwenye benchi la plastiki, moshi wote unakuja kwako. Watamwekea kilimau kidogo kama gololi. Asikidharau, na kama mdomo umechubuka na ule mpira wa kupumulia, akamulie mbali.