Nimechoka, na nusu ya uchovu wangu ni wa kanisani. Naomba ushauri

MamaMananasi:
Shalom wapendwa. Niko Bukavu, nauza mananasi ya kisiwa cha Idjwi hapa soko la Kadutu. Alfajiri niko kando ya ziwa nangoja mashua, kukipambazuka mzigo unapanda sokoni. Jioni ni makala ya kupikia, bugali, bidoni za maji, madaftari ya watoto. Hayo nimeyazoea, mama yangu naye aliishi hivyo.

Kinachonisumbua ni hiki. Jumanne nina kikundi cha wamama, Alhamisi na Jumamosi kwaya, Ijumaa mkesha, Jumapili protokoli, kupokea watu na kuwaketisha, ibada zote mbili. Jumapili iliyopita tuliimba juu ya kupumzika kwa Yesu, nikajikuta nahesabu mananasi mangapi yataoza kabla ya Jumatatu. Mdomo unaimba, moyo uko sokoni. Usiku nikifungua Biblia, mstari wa pili usingizi umenibeba. Nimeomba Mungu aniongezee nguvu, uchovu ndio unaongezeka. Nikipunguza, watasema nimerudi nyuma. Nifanye nini?

PapaShemasi:
Pole sana mama. Soma tena Luka 10. Martha hakukemewa kwa sababu alipika, wageni walipaswa kula. Aliambiwa anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi. Acha kwanza kuomba nguvu. Omba Mungu akuonyeshe ni mzigo upi hakukutwika yeye.

YayaSoprano:
Ila kwaya usiikimbilie kuiacha, mama. Mimi nilipofiwa, sikuweza kuomba hata neno moja. Wenzangu waliimba, nikaegemea sauti zao. Kuna kazi ya kanisa inayochosha na kuna inayolisha. Wewe unajua ipi ni ipi, sisi hatujui.

MkulimaKabare:
Eliya alipochoka hadi kuomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mama, Ijumaa hii lala.

MamaMananasi:
Papa Mkulima, nimesoma hapo nikalia. Sikuwahi kuona kwamba alilala mara mbili. Lakini mchungaji nitamwambia nini?

MzeeMstaafu:
Binti yangu, nimechunga kanisa miaka mingi, nikuambie ukweli wetu. Mtu asiyekataa, tunamwongezea. Si kwa ubaya: tunaona mikono yake inafanya, tunadhani moyo uko salama. Wako wachache niliowachosha hivyo, na bado nawaombea.

Mwambie waziwazi: «Nabaki na kwaya na wamama. Protokoli na mkesha naomba nipumzike miezi mitatu.» Usijitetee sana. Akiuliza sababu, msomee Kumbukumbu la Torati 5. Pale Waisraeli wanaambiwa waishike Sabato wakikumbuka walikuwa watumwa Misri. Mtumwa ndiye asiyekuwa na siku yake. Na amri ile inataja hata mjakazi, hata punda, nao wapumzike. Muuza mananasi je?

Jambo lingine. Umesema alfajiri unangoja mashua. Unangoja muda gani, na unafanya nini?

MamaMananasi:
Pengine saa nzima, Mzee. Napiga simu kwa wateja, nafuatilia deni za likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana.

MzeeMstaafu:
Wateja bado wamelala. Chukua Zaburi 131, ni mistari mitatu tu. Isome, kisha ukae. Usiombe kitu.

MamaMananasi:
Wapendwa, narudi na habari. Leo ukungu ulikuwa mzito, mashua ikachelewa. Simu niliiacha ndani ya kitenge. Nilikaa juu ya kikapu, mikono yangu hii iliyochanwa na majani ya mananasi nikaiweka mapajani, nikabaki na yule mtoto wa zaburi aliyeachishwa kunyonya, ametulia kwa mamaye bila kudai maziwa. Deni zilinijia kichwani mara tatu, nne. Nikarudi kwa mtoto. Sijui ilipita dakika ngapi, nilishtuliwa na wapakuaji wakiniita: «Mama, mzigo wako!»

Mchungaji nimeomba kumwona Jumanne, kabla ya kikundi. Tumbo linanicheza kidogo. Mniombee.

YayaSoprano:
Tunakuombea. Ijumaa watoto walete kwangu, ulale.