Naomba ushauri: Mzumbe au UDOM, nia ikiwa kuhamia UDSM

Habari zenu wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nimechaguliwa Sheria Chuo Kikuu Mzumbe na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), niliyoiweka ya kwanza, nimekosa. Namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja imeshaingia kwenye simu na dirisha linakaribia kufungwa.

Nataka kuhamia UDSM mwaka wa pili, maana mama anasafishwa figo Dar na mimi ndiye mkubwa nyumbani. Nimepiga simu udahili, nikajibiwa tu “nafasi ikiwepo”. Mzumbe inanivuta kwa sababu iko Morogoro, karibu zaidi na Dar kuliko Dodoma.

Mliowahi kuhama: masomo ya mwaka wa kwanza yalihesabiwa au mlianza upya? Na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) uliwafuata chuo kipya bila kukatika?