Kiwanja cha mita 12 kwa 15: nipande miti mingapi, na kwa nini miparachichi inanyauka?

Mche_Mpya: Habari wakuu. Nataka mwembe, miparachichi, michungwa na mipapai. Miche ya kubebeshwa (tawi la aina nzuri limeunganishwa juu ya shina la mti mwingine), mashimo sm 60 kila upande. Miparachichi miwili tayari imenyauka ingawa inamwagiliwa kila siku. Tatizo ni nini?

Jembe_Kali: Hiyo "kila siku" ndiyo inayoiua. Mizizi ya mparachichi iko juujuu na inahitaji hewa; udongo ukituamisha maji, kimelea cha Phytophthora huiozesha. Majani hulegea huku chini kumelowa, mwenye mti anadhani ni kiu, anaongeza maji. Fukua kidogo pembeni: mizizi midogo ikiwa myeupe, mti bado una uhai. Ikiwa myeusi na inakatika ukiigusa, ng'oa, na usirudishe mparachichi kwenye shimo hilohilo.

Kabla ya kupanda tena, pima. Jaza shimo maji, yaishe, jaza mara ya pili. Kama asubuhi ya pili bado yapo, panda juu ya tuta la sm 50 kwenda juu na upana wa mita moja na nusu. Mche ukishashika, mwagilia sana kisha subiri udongo uanze kukauka kina cha kidole.

Samadi: Naongezea kosa lingine: samadi mbichi. Inaunguza mizizi, na ikiendelea kuoza shimo linatitia, mche unazama hadi kile kiungo cha kubebeshea kinafukiwa. Tumia iliyooza kabisa, debe moja, changanya na udongo wa juu (ule wa chini uweke kando), jaza shimo, liache wiki tatu litulie ndipo upande. Kiungo kibaki angalau sm 15 juu ya ardhi. Chana kiriba (mfuko wa mche) chote, nyoosha mizizi iliyojizungusha. Matandazo mazito, ila yasiguse shina.

Mche_Mpya: Asante. Na idadi?

Jembe_Kali: Mwembe mmoja, miparachichi miwili, michungwa miwili, basi. Mwembe unataka nafasi ya kama mita 8, mparachichi 6, mchungwa 5. Ukibananisha, baada ya miaka michache miti inarefuka kutafuta jua na matunda yanakuwa juu usikofika. Kwa miparachichi, mmoja uwe Hass na mwingine Fuerte: maua ya aina hizi hufunguka kike na kiume kwa saa tofauti, kwa hiyo yanachavushana.

Mipapai ijaze mapengo kwa sasa. Panda mitatu kila shimo, ngoja maua. Wenye vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua mengi ni dume, ng'oa. Acha mmoja wenye maua yaliyokaa karibu na shina.

Samadi: Michungwa nayo ikaguliwe kila mwezi. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo livunje likiwa changa, ni la mti wa chini, mara nyingi limau. Likiachwa linaupita mchungwa, halafu watu wanasema "mchungwa wangu umegeuka". Haujageuka, umemezwa.

Maua ya mwaka wa kwanza kwenye mwembe yatoe pia. Inauma, lakini mche mwembamba ukibeba embe hauna nguvu ya kutanua matawi.