Ushauri: nianze na vifaa gani kushonea mfarishi wa viraka kwa cherehani ya nyumbani?

Mama Nuru wa Tabata
Habari za jioni wanajamvi. Nimesoma nyuzi zenu za ushonaji muda mrefu, leo nimekwama na mimi nafungua wangu.

Ninashona magauni ya vitenge nyumbani kwa Butterfly ya miguu aliyoniachia mama. Vipande vinavyobaki sikuwahi kutupa, vimeshajaa viroba viwili. Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi wa pili, nikaona nimshonee mtoto mfarishi: juu viraka vya vitenge, katikati sponji nyembamba, chini khanga. Kuunga viraka hakukunisumbua hata kidogo. Balaa limeanza nilipoyapanga matabaka matatu na kupitisha cherehani. La chini linakwenda na meno ya cherehani, la juu linabaki na kujikusanya kama wimbi mbele ya mguu, kile chuma kinachokandamiza kitambaa. Nikifika mwisho wa mstari juu kumezidi karibu inchi nzima, na nikigeuza nakuta khanga imejikunja na mkunjo umeshonewa humohumo. Nimefumua mara mbili, sasa khanga imeanza kuonyesha matundu ya sindano na roho inaniuma.

Mtandaoni wanataja vitu vingi mno: kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia, glavu, vibanio, gundi ya kupuliza, miguu ya kila aina. Nina laki moja na nusu, nauli humohumo. Kipi kinatangulia, na kipi naweza kuishi bila hicho? Naombeni msaada wenu.

Binti Mzizima
Pole dada. Hapo tatizo si mkono wako. Cherehani ya kawaida ina meno chini tu, kwa hiyo inavuta kitambaa cha chini na cha juu kinaburutwa. Tafuta mguu wa kutembea. Ule ni mguu mnene wenye meno yake yenyewe, unanyanyuka na kukanyaga kila sindano inapopanda na kushuka, hivyo juu na chini vinakwenda hatua moja. Pesa yako ya kwanza iende hapo.

Ila kabla hujapanda daladala, pima. Shusha mguu ulionao, chukua rula, pima kutoka kwenye bamba la chuma lililo chini ya sindano hadi katikati ya skrubu inayoshika mguu. Ikiwa robo tatu ya inchi au pungufu, cherehani yako ni ya mguu mfupi. Ikizidi inchi moja ni ya mguu mrefu. Butterfly nyingi za kukanyaga ni za mguu mfupi, lakini pima usiamini maneno yangu. Ukifika Kariakoo usiulize maduka ya vitambaa, nenda kwa wauza spea za cherehani, na ule mguu wako wa zamani utembee nao kwenye pochi walinganishe.

Fundi wa Buguruni
Naheshimu aliyetangulia, lakini nina miaka zaidi ya ishirini kwenye cherehani na nitasema wazi: hata ununue mguu wa dhahabu, kazi isiyopigwa bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, itahama tu. Mama Nuru hajatuambia alishikiza vipi kabla ya kushona. Nahisi aliweka pini nne pembeni akaanza.

Fanya hivi mwanangu. Piga deki sakafu ikauke. Tandaza khanga, upande wa ndani ukuangalie wewe, ibandike kingo kwa selotepu ya karatasi, inyooke lakini isivutwe, maana ukiivuta itarudi na kukukunjia. Weka cha katikati, kilaze kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Weka viraka juu. Kisha sindano ya mkono na uzi wa rangi tofauti, piga bandi kubwakubwa kuanzia katikati kwenda pembeni kama miale ya jua, kati ya mstari na mstari pasizidi upana wa ngumi. Ni kazi ya saa mbili na mgongo utauma. Lakini haihami.

Jambo lingine halina gharama: ile skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu, ilegeze kidogo. Mguu ukikandamiza sana ndiyo unasukuma lile wimbi. Na urefu wa mshono usiwe ule wa gauni, ongeza ufike milimita 3.

Shangazi wa Temeke
Fundi amesema kweli, ila kwa sisi tunaoumwa mgongo pini za nepi zinafanya kazi ileile. Weka moja kila ngumi, kwa mfarishi wa mtoto hamsini hazitoshi. Onyo langu kwa watu wa Dar: usiziache kwenye kitambaa. Mimi niliacha mfarishi umebanwa kabatini tangu kabla ya masika nikisema nitaumalizia. Nilipoutoa, kila penye pini palikuwa na doa la kutu dogo kama punje ya ulezi, kwenye kitambaa cheupe. Ndimu na chumvi vilipunguza tu. Joto letu na unyevu huu wa bahari, chuma hakina usalama. Bana leo, shona wiki hii, toa.

Halafu hilo sponji litoe. Linakwama chini ya mguu, na mtoto wa Dar ukimlaza juu ya sponji atatoka jasho usiku kucha. Pamba ya kujazia ya duka ni nzuri ukiipata, usipoipata weka shuka nene la pamba au khanga kuukuu mbili. Inakuwa nyepesi, inafulika, inakauka siku hiyohiyo. Na mwambie mdogo wako mfarishi ni wa kumtandikia chini mtoto achezee, asimfunike nao akilala hadi afikishe mwaka. Vitenge ulivifua kwanza? Vyekundu na vya bluu iliyokolea vinachuja, usije ukaharibu kazi yote siku ya kwanza kufuliwa.

Mama Nuru wa Tabata
Fundi shikamoo. Umenijua kweli, zilikuwa pini sita. Shangazi, nilifua vyote isipokuwa chekundu kimoja, nakiloweka sasa hivi.

Je, kisu cha gurudumu na mkeka wake?

Binti Mzizima
Ni vizuri, viraka vinatoka sawasawa na mkono hauchoki. Lakini wewe umeshakata na kuunga, kwa hiyo visubiri. Mkasi mkali na rula ya chuma vinatosha mwaka huu. Nunua sindano mpya namba 14, kwenye pakiti huandikwa 90/14, na usirudie ya zamani. Mfarishi mmoja, sindano mpya.

Glavu usinunue. Nenda duka la vifaa vya ofisini ukachukue vile vikofia vya mpira vya kuhesabia pesa, vaa viwili kila mkono. Kitambaa kinatii.

Fundi wa Buguruni
Marahaba mwanangu. Na sogeza meza. Cherehani ya miguu ina kimeza kidogo, mfarishi ukining'inia kushoto uzito wake unavuta sindano na mshono unapinda. Weka meza nyingine ya kimo kilekile ubavuni, hata ubao juu ya viti viwili.

Mama Nuru wa Tabata
Narudi na majibu. Jumamosi niliingia Kariakoo. Cherehani yangu ni ya mguu mfupi, nilipima. Mguu nimepata, sindano, pini na vikofia vya mpira, na pesa imebaki. Sponji nimeweka pembeni, ndani kuna khanga mbili za mama zilizolainika. Nimepiga bandi saa tatu, si mbili.

Mwanzo ule mguu ulinitisha, uligonga kwa kelele na haukusogeza kitu. Niliukagua mpaka nikaona una kimkono chenye uma pembeni, na uma ule nilikuwa nimeuacha unaelea. Unatakiwa ukae juu ya skrubu inayobana sindano, ndiyo inaunyanyua. Nilipouweka, mstari wa kwanza kutoka katikati ulifika mwisho na viraka vyote vimetulia. Nimegeuza, khanga haina hata mkunjo mmoja. Nimeupitishia kiganja mara nyingi sijui kwa nini.

Limebaki moja: mwanzo wa kila mstari, chini panakuwa na fundo la uzi kama kiota.

Fundi wa Buguruni
Huo ni uzi wa bobini, yaani ule wa chini, hukuutoa juu kabla ya kuanza. Kabla ya kuanza, zungusha gurudumu kwa mkono sindano ishuke na kupanda mara moja, vuta uzi wa juu, wa bobini utachomoza kama kitanzi. Utoe wote juu, shika nyuzi mbili kwa nyuma ya mguu, ndipo ukanyage. Ukishapita sindano tatu nne, achia.

Mama Nuru wa Tabata
Nimejaribu sasa hivi. Kiota hakuna.