ANANUSA ZAWADI MBELE YA WATU! Watu wa Malindi, hili mwaliona sawa?

UmmuWawili_Brescia aliandika:

Nimetoka huko sasa hivi, hata buibui sijavua. Mikono yatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mjue ni hasira.

Nyote mwamjua. Jina sitaji na msinilazimishe. Yule ambaye kila arusi ya Malindi yuko kiti cha mbele, alikwe asialikwe. Yule ambaye akicheka Shella, watu wa Mambrui wafunga madirisha. Huyo huyo.

Basi tumerudi likizo kutoka Brescia, Italia, mimi, baba watoto na watoto, na ada ni ada, nikawa napita nyumba kwa nyumba kuwaamkia wakubwa. Kwake nikafika, nikampa shikamoo yake, watoto wakambusu mkono, nikampa zawadi yake. Gauni. Jipya. Lebo ya bei yaning'inia, nimeiacha makusudi. Sebule imejaa wanawake, chai ya maziwa na mahamri viko mkekani. Akalitoa mfukoni, akalikunjua, akaliinua juu watu waone, kisha AKALINUSA. Jamani! Alilinusa kwapani! Kama mtu achagua nguru sokoni! Halafu kwa ile sauti yake: "Mtumba huu. Soko la Kongowea ningepata matatu na nauli ya kurudi."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mwanangu mdogo akaniuliza kwa Kiitaliano wacheka nini. Mama wa watu akadakia hapo hapo: "Na mtoto hata Kiswahili hana, kwani mlienda kutafuta nini huko?"

Mimi nilimnyamazia kwa heshima ya umri wake. Lakini hapa sinyamazi.

Mwadhani Brescia pesa zaota kwenye miti. Sisi twatembea na karatasi ya posta, ile ricevuta, risiti ya maombi, kwa sababu permesso, kibali cha ukaazi, ya zamani imeisha na mpya haijatoka, na questura, kwa polisi, ukienda kuuliza waambiwa ngoja. Kwa karatasi hiyo waruhusiwa kuja kwenu na kurudi Italia, lakini marufuku kupitia nchi nyingine ya Schengen. Tikiti rahisi ilikuwa ya Amsterdam. Tukaiacha! Tukapita Addis, watoto wakalala sakafuni uwanja wa ndege, na gauni lake mimi nimelipakata mapajani lisijikunje. Nimelipakata mtu akalinuse!

Baba watoto kaendesha gari barabara ya Malindi hadi Garsen tangu kijana, haoni taa na hajawahi kugusa hata mbuzi. Kule leseni ya Kenya haibadilishwi. Ukishaandikwa mkaazi, mwaka mmoja ukipita leseni yako ni ya kuwekea kumbukumbu, warudi shule ya udereva. Maswali 30 kwa Kiitaliano, dakika 20, makosa yakizidi 3 umeanguka. Mtu mzima na ndevu zake kakaa benchi moja na vitoto vya miaka 18. Mchana apakia makontena ghalani, usiku asoma nani apite kwanza njia panda. Mimi naamka alfajiri, giza na ukungu, hata mkono wangu siuoni, naenda kusafisha ofisi za watu. Nasafisha vyoo vya Brescia nzima, na sijanusa cha mtu!

Kumwandikisha yule mkubwa shule ni chanjo kwanza. Kuna sheria ya 2017, chanjo 10 za lazima. Nikampigia mamangu huko Muyeye usiku wa manane atafute kile kijitabu cha kliniki. Kikapatikana chini ya godoro, kurasa zimeganda kwa mafuta ya nazi, akazinyanyua moja moja kwa ncha ya kisu na kuzipiga picha. Ukihamia nyumba mpya, askari wa manispaa aja kugonga mlango kuona kama kweli walala humo. Baridi ikiingia, bili ya gesi yafungua mlango na kukaa mezani na sisi. Na humo humo nikachomoa euro za kumnunulia gauni mtu ambaye hata hajawahi kuniuliza nala nini.

Nijibuni. Mtu mzima, ameenda Makka, achukua zawadi ya mwenziwe na kuinusa mbele ya wageni?

Kasha_la_Mvule:

Uliposema kiti cha mbele nikajua. Kwenye arusi ya binamu yangu aliingia mpaka jikoni, akafunua sufuria ya biriani, akaonja kwa kijiko alichotoa kwenye mkoba wake mwenyewe. Kijiko cha kutoka nacho nyumbani! Pole dada.

Tuktuk_ya_Maweni:

Swali moja tu dadangu. Lilikuwa lanukaje?

UmmuWawili_Brescia:

Halikuwa lanuka kitu! Nimesema ni jipya! Nililinunua dukani kwa mkono wangu, siku za saldi za Julai, risiti ninayo.

Tuktuk_ya_Maweni:

Aaa. Saldi.

UmmuWawili_Brescia:

Saldi si mtumba wewe! Kule mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, maduka yote yashusha bei, na matajiri wenyewe wapanga foleni. Nguo ni ile ile. Usinichokoze leo.

Ngowe_Halisi:

Mimi siungi mkono kunusa, lakini zawadi za kuleta si tatizo. Tatizo ni za kurudi nazo. Mama mkwe alinifungia begi zima la maembe ya ngowe, zimeiva vizuri, kila moja kaizungushia gazeti. Uwanja wa ndege wa Malpensa, Milano, wakanifungua. Tangu Desemba 2019 matunda kutoka nje ya Ulaya yataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Embe haimo! Yule ofisa akawa atoa ngowe moja moja na kuiweka kwenye pipa, nami nasimama naangalia, begi lote lanukia kwetu. Nilipompigia mama mkwe kumweleza, akasema nimezila ndegeni peke yangu. Mpaka leo hajaniamini.

Papa_Mkavu:

Na papa?

Ngowe_Halisi:

Samaki wa kula mwenyewe waruhusiwa, mpaka kilo 20. Nyama na maziwa ndivyo hawataki kabisa. Hata ile samli ya bibi, acha.

Binti_Mutrah:

Dada wa Brescia pole, ila nyinyi wa Italia mna neema hamjijui. Mtoto wako yuko shule ya serikali, halipi karo, ana daktari wake wa watoto. Sisi Muscat, Oman, mtoto wa mgeni ni shule ya kulipa, na karo hiyo ukiitaja bwana ajishika kifua. Isitoshe maisha yote yaning'inia kwenye kazi ya mtu mmoja. Kazi ya bwana ikiisha, kadi ya ukaazi yaisha, na mke na watoto wafungasha. Nimeona jirani yangu auza kitanda, friji na baiskeli za watoto ndani ya wiki moja, kwa bei ya kutupa. Kisha wifi yangu hapo Ngala anitumia sauti kwenye simu: "Nyinyi mko na wenzenu, mwaongea lugha moja." Kweli, sokoni Mutrah utawasikia wazee wa Kiunguja wapiga Kiswahili kitamu kuliko chetu. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa Kiswahili!

Kasha_la_Mvule:

Wifi wa Ngala? Yule mwenye duka la vitambaa?

Binti_Mutrah:

Sijasema kitu.

Amu_Mkomani:

Watu wa Malindi mwadekezwa. Begi lenu lashushwa na tuktuk mpaka mlangoni. Njooni kwetu Amu, yaani Lamu. Shemeji yangu kaja na wake na watoto kutoka Hamburg, masanduku ya magurudumu, kila moja ukubwa wa jeneza. Basi mpaka Mokowe, masanduku kwenye mashua, watoto walia, mawimbi yapiga. Kufika gatini hamali akaona kibandiko cha ndege, bei ikaruka maradufu. Akayapakia juu ya punda. Kile kichochoro cha kuingia kwetu chapita punda au sanduku, havipiti vyote viwili. Punda akakwama! Mbele hatoki, nyuma harudi, na watu wa msikitini watoka kuswali. Tukayashusha tukayabeba vichwani mpaka ghorofa ya pili. Ndani mna nini? Makoti ya baridi. Amu! Makoti ya baridi!

Tuktuk_ya_Maweni:

Huyo punda ndiye aliyefaa kufungua uzi.

UmmuWawili_Brescia:

Jamani tusitoke kwenye mada. ALINUSA. Mwafahamu uzito wake? Hakuangalia, hakupapasa. Alikileta kitambaa mpaka puani akavuta pumzi! Na wanawake wote wamuona!

Tuktuk_ya_Maweni:

Twajua dada. Kwapani.

Mama_Chai_Moto:

Mimi nitasema ukweli unaouma. Kunusa ni kosa, hilo halina mjadala. Lakini mtoto naye kusema Kiitaliano sebuleni kwa wakubwa haipendezi. Mkiwa nyumbani kwenu huko mwaongea nini? Wazazi wengi wa Ulaya mwawaachia watoto lugha ya shule, mkija huku bibi akaa na mjukuu wake watazamana.

UmmuWawili_Brescia:

Mwanangu Kiswahili anacho! Kiitaliano kilimtoka kwa sababu alishtuka. Nyumbani kwangu ni Kiswahili kuanzia mlangoni. Na yeye ndiye hunitafsiria kwa daktari, mtoto mdogo vile, aambiwa na daktari "mwambie mama hivi" naye aniambia kwa Kiswahili safi tumbo langu lina nini. Kazaliwa Brescia na bado si Mtaliano, sheria yataka afike miaka 18 ndipo aombe. Juni 2025 walipiga kura ya maoni kupunguza miaka ya ukaazi ya kuomba uraia, kutoka 10 iwe 5, watu hawakutokea ikafa. Pasipoti yake ni ya Kenya, hana nyingine. Leo sebuleni Malindi aambiwa hana lugha. Usinifundishe mimi habari ya mwanangu, Mama Chai.

Mama_Chai_Moto:

Sikukufundisha. Nimesema haipendezi.

Mzee_wa_Patente:

Narudi nyuma kidogo kwenye leseni. Mtihani ule si mgumu, watu mwautia chumvi. Mimi nilipita mara ya kwanza. Kuna programu za simu zenye maswali yote, mtu asome kwenye basi kila siku. Shemeji asikate tamaa.

UmmuWawili_Brescia:

Na nani kasema kakata tamaa? Kapita! Wapi nimeandika kaanguka?

Mzee_wa_Patente:

Hongera basi. Vitendo alifanyia gari la gia au otomatiki? Maana ukifanyia otomatiki leseni yako hairuhusu gia.

Jirani_wa_Casuarina:

Mwalia wanaohama kwenda huko, na wanaohamia huku je? Mimi jirani yangu Mtaliano kaja na familia nzima, mke, watoto, mbwa wawili. Kitu cha kwanza kaziba kile kinjia cha kwendea pwani. Babu zetu walipita hapo na nyavu! Juzi nimepita pembeni, mlinzi wake, kijana wa Gede, aniuliza natafuta nani. MIMI! Kisha jioni bwana mwenyewe kaja kwangu, kakaa barazani, analia kibali chake cha kazi kimekwama Nairobi, watoto wamekosa shule waipendayo, umeme wakatika, fundi wa bomba kamtoroka na pesa. Nikampa maji ya madafu. Nikamuuliza, na njia? Akaniambia "domani", yaani kesho.

Kasha_la_Mvule:

Hilo la njia za pwani lifunguliwe uzi wake. Silversands nako kumeanza.

Jirani_wa_Casuarina:

Nafungua usiku huu. Leteni picha za kuta.

Amu_Mkomani:

Ongezeni na Shela yetu, si Shella yenu. Ufukweni huko nako kuna kuta.

UmmuWawili_Brescia:

Kwa hiyo hakuna atakayemwambia? Mwamjua nyote, mwakutana naye kila Ijumaa, na hakuna?

Kasha_la_Mvule:

Nikimwambia mimi atakuja kunusa na kwangu.

Binti_Mutrah:

Jirani, kwenye uzi wako uweke na zile barabara zilizofungwa mageti. Kwa dadangu kule hata gari la wagonjwa lilizuiwa getini.

Papa_Mkavu:

Samahanini nawakata. Kuna mtu arudi Milano au Bergamo mwisho wa mwezi? Nina papa wa mamangu kutoka Ngomeni, kilo mbili tu. Nitalipia.

Ngowe_Halisi:

Narudi mimi. Lakini mzungushie plastiki tatu na umtie kwenye chombo cha kufunga, si mfuko wa sokoni. Na kilo mbili ziwe mbili.

Papa_Mkavu:

Ni mbili na nusu.

Ngowe_Halisi:

Unaona sasa?

Mzee_wa_Patente:

Kama nafasi ipo, mimi nazi nne. Zaruhusiwa, umesema mwenyewe.

Ngowe_Halisi:

Nazi mbili, na mje kunipokea Malpensa na gari. Liwe otomatiki au gia sijali. Nitumieni namba faraghani.