Uwanja wa disk gofu "wa wanaoanza" huko mashambani: tupeane uzoefu, ulikutoa jasho kiasi gani?

Mrusha_Upepo
Wakuu, habari za jioni. Kwa mgeni: disk gofu ni kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo, kwa mirusho michache uwezavyo. Leo nafua suruali, mfukoni nikakuta kile kialama kidogo cha kuweka pale kisahani kilipoangukia. Siku yangu ya kwanza yote ikanirudia.

Uwanja wa vikapu 9, umekatiza malisho ukaishia msituni. Kibaoni wameandika "rafiki kwa wanaoanza". Rafiki gani! Kikapu cha kwanza kiko mita 60, unakiona kabisa, minyororo inang'aa kwa jua. Nikavuta mkono, nikarusha kwa nguvu zote alizonijalia Mungu. Nusu ya njia kisahani kilikwenda vizuri, halafu kikakata kushoto kama kimeitwa, kikazama kwenye nyasi za kiunoni. Nimetafuta dakika 40. Nimemaliza kwa mirusho 11 kikapu ambacho wenzetu wanamaliza kwa 3.

Karibuni, hakuna kuoneana haya.

Kichaka_Namba_4
Dakika 40? Sheria inakupa 3 tu mkuu. Ukikosa, unajiongezea mrusho mmoja wa adhabu na unarudi ulipokuwa. Umewacheleweshea watu nyuma yako.

Mrusha_Upepo
Nyuma yangu walikuwepo kondoo wawili. Hawakulalamika.

Mama_Pacha
Mleta mada, ungama tu: ulianza na draiva, kile kisahani cha masafa marefu.

Mrusha_Upepo
Ungamo limepokelewa. Namba ya kwanza 12. Niliambiwa "hiki kinakwenda mbali".

Mama_Pacha
Kinakwenda mbali kwa mwenye mkono. Zile namba nne juu ya kisahani, ya kwanza ni kasi kinayohitaji ili kiruke sawasawa. Usipokipa kasi hiyo, kwa anayerusha kwa mkono wa kulia huku kiganja kikitazama ndani, kinakatia kushoto mapema na kushuka puu. Mimi nilicheza miezi mitatu na visahani viwili tu, cha kumalizia na cha masafa ya kati, vyepesi, na nilikuwa nawashinda wanaume wenye mabegi kama wanahama nyumba.

Mkono_wa_Shoto
Sisi wa kushoto vinatukatia kulia. Na ule uwanja anaousema naufahamu aina yake, kulia nako wameweka nyasi. Dunia haitupendi.

Bingwa_wa_Mtaa
Msimtishe mtu. Draiva nunua mapema uizoee. Mimi nilianza nayo na leo narusha mita 90.

Mama_Pacha
Kwenda mbele au pembeni?

Bingwa_wa_Mtaa
Dada, usinianze.

Nipo_Nipo
😂😂😂 Nimekaa pale.

Mzee_wa_Mita_Kumi
Nilikuwa napita tu, ila neno "msituni" limenigusa pabaya.

Ilikuwa asubuhi, umande bado upo, nimekwenda na binti yangu wa miaka tisa. Uwanja mzuri kabisa, njia fupi fupi. Kosa langu la kwanza sikubeba taulo. Kisahani kikilowa ukingo kinateleza vidoleni kabla hujafika mwisho wa kuvuta mkono, kwa hiyo kinatoka mapema na kinakwenda kinakotaka. Kikapu cha saba kiko nyuma ya mti mmoja mkubwa wenye pango katikati ya shina. Nikafuta kisahani kwenye shati, shati lenyewe limelowa. Nikarusha. Kikatoka kimeinua pua, kikapanda, kikagonga tawi juu ya lile pango na kukwama pale pale.

Kukawa kimya. Binti akaniuliza, "Baba, ule moshi ni wa nini?"

Haukuwa moshi.

Nilimbeba kwapani kama gunia. Begi, maji, viatu vyake vya kubadilisha, vyote nimeviacha. Tulikimbia kuvuka malisho mpaka kwenye gari. Nilipofunga mlango ndipo nikasikia nywele zangu zinalia nzzz. Nilichomwa sehemu kumi na nne, sikio moja likawa kama andazi. Yeye alichomwa mara moja tu mkononi, na ndiyo maana nimeweza kuja kuandika hapa nikicheka. Siku ile sikucheka. Nilikaa kwenye usukani natetemeka, namtazama anavyohema, nawaza kama yule mdudu mmoja angemtosha. Hatukujua kama ana mzio au hana. Njia nzima ya kwenda hospitali nilikuwa namsemesha tu ili nisikie sauti yake ni ileile.

Begi nililifuata jioni giza likiingia, nimejifunika shuka kama mzimu.

Nipo_Nipo
Aisee. Pole sana mzee wangu. Pole na kwa binti.

Kichaka_Namba_4
Pole mzee. Ila kisahani kikikwama juu ya mita 2 ni adhabu ya mrusho mmoja.

Mama_Pacha
Kichaka, una moyo kweli wewe?

Mwamuzi_wa_Zamani
Halafu hata hajapatia. Hiyo ya mita 2 siku hizi inatumika pale tu mwandaaji alipoitangaza. Vinginevyo unaweka alama chini, sawa na kilipo juu, unaendelea. Na panapokuwa na wadudu au wanyama wa kudhuru unarudi nyuma kwenye mstari uleule na kikapu, bila adhabu yoyote. Na nyuki ni wadudu wa kudhuru.

Kichaka_Namba_4
Kwa hiyo mzee alirudi nyuma kihalali. Kilomita moja na nusu.

Mzee_wa_Mita_Kumi
Bila adhabu. 😂

Bingwa_wa_Mtaa
Nyuki ukiwaona unalala chini kimya.

Daktari_wa_Kijiwe
Usilale! Kimbia moja kwa moja, funika uso, ingia ndani ya gari au nyumba. Msijitose bwawani pia, wanakusubiri utoke kuvuta pumzi. Mwiba ukwangue haraka, kila ukichelewa sumu inazidi kuingia. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hospitali papo hapo.

Mkono_wa_Shoto
Mimi yangu ndogo. Ng'ombe alilalia kisahani changu. Tulimsubiri, tukamwimbia, tukamsihi. Alipoinuka mwenyewe kwa hiari yake, kisahani kilikuwa kimekunjika kama chapati. Tangu hapo kinakata kulia na kushoto, naona ndicho kisahani changu bora.

Nipo_Nipo
Hivi ni nani alituletea haya mateso?

Mwamuzi_wa_Zamani
Ed Headrick, Mmarekani. Uwanja wa kwanza wa kudumu aliuweka Oak Grove, California, 1975. Mwanzoni walikuwa wanalenga nguzo tupu, watu wakawa wanagombana kama imegusa au haikugusa, ndipo ikaja minyororo na kikapu. Alipofariki 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani.

Mrusha_Upepo
Kwa hiyo kuna mtu amempoteza marehemu kwenye nyasi za kiunoni.

Mama_Pacha
Astaghfirullah. 😂 Tuliokuja kujifunza: chagua rangi kali, kijani uachie chura. Andika namba ya simu chini ya kisahani. Geti la malisho ulilikuta limefungwa, lifunge. Na ukifika ndani ya mita 10 tulia, kirushe kilale sawa, simama umetulia kwanza ndipo uende kukichukua. Mle ndani ya mita 10 ndimo mchezo ulimo, siyo kule mnakovunjia mabega.

Bingwa_wa_Mtaa
Upepo ukija usoni je? Mimi huwa naongeza nguvu.

Mama_Pacha
Ndiyo maana kinapinduka.

Nipo_Nipo
Mzee wa Mita Kumi, na kile kisahani cha kwenye mti?

Mzee_wa_Mita_Kumi
Kipo. Binti anakiona kila tukipita, ananionyesha kwa kidole kutoka mbali. Wenyewe nao wapo.