Majirani wa avenyu, Kyeshero, Goma: asubuhi ya Alhamisi

Mama Neema, 18:42
Majirani wapendwa, habari za jioni. Mnisamehe kwa ujumbe mrefu. Alhamisi ninahitajika mahali patatu kwa asubuhi moja: kuanzia saa kumi na mbili ni zamu yangu ya kutia klorini kule ziwani Kituku, saa moja unaanza uhakiki wa majina ya wanaopokea msaada, na asiyeitika hufutwa, kisha saa tatu kuna mtihani wa maandishi wa kazi ya uhamasishaji, huko Himbi. Wakubwa wawili watakuwa shuleni. Baraka ana mwaka mmoja na miezi minne, na sina wa kumwachia.

Papa Kasereka, 18:50
Mama Neema, ninauliza kama mzee, si kwa kukusuta: hiyo kazi ya ziwani inakupa nini hata uihesabu pamoja na chakula cha watoto?

Mama Neema, 19:03
Papa, haina mshahara. Tunapewa nauli ya pikipiki, nayo huchelewa. Mnakumbuka kwamba lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilituchukulia nyumba ya Buhene, na tuliporudi kutoka Sake mabomba yalikuwa makavu, tukanywa maji ya ziwa jinsi yalivyo, hadi kaka yake Neema akaharisha siku tatu mfululizo. Ndipo nilipojiandikisha. Mtu akipanda na bidoni yake ya lita 20, ninavuta dawa kwa bomba la sindano, ninaitia mdomoni mwa bidoni, na kumwambia asinywe kabla ya nusu saa. Wengine huchukia harufu yake. Kuna bibi mmoja ambaye kila Jumanne hufunika bidoni kwa kitenge na kupita upande wa mitumbwi ili nisimwone.

Kinachoniumiza ni kingine. Juma lililopita karani wa orodha aliniona nimevaa jileti ya wajitoleaji, akaandika kando ya jina langu kwamba nina kazi. Siku mbili baadaye nilipeleka CV katika ofisi moja, na kijana aliyeipokea akaweka kidole kwenye mstari huohuo wa Kituku, akasema huo si uzoefu kwa kuwa sikulipwa.

Riziki, 19:06
Kwa hiyo kwa karani ni kazi, na kwa mwajiri si kazi. Dada, wewe unapoteza pande zote mbili.

Mama Esta, 19:11
Mimi nitasema hata kama sitapendwa. Humu kuna wajane ambao hawajawahi kuandikwa. Mtu anayetafuta mshahara angewaachia nafasi mapema.

Mama Neema, 19:20
Mama Esta, sijakasirika, maana swali hilo ninajiuliza mwenyewe usiku. Lakini kazi hii, hata nikiipata, mkataba wake ni wa miezi mitatu. Jina likishafutwa halirudi kwa kuomba, hurudi uandikishaji mpya unapofunguliwa, na hakuna anayejua utafunguliwa lini. Siku nitakayopokea mshahara wa pili nitakwenda mwenyewe kwa kamati waniondoe, nawe utanisindikiza uwe shahidi. Kabla ya hapo, kuniambia niachie ni kuniambia niwalishe watoto kwa mtihani ambao sijaufanya.

Mama Esta, 19:24
Nimekuelewa. Nitakusindikiza.

Mwalimu Bahati, 19:31
Mama Neema, kesho asubuhi nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kinachowasimamia, uombe cheti cha huduma. Kiseme ulianza lini, unafanya siku ngapi kwa juma, ni nani anayekusimamia, na kwamba hupokei mshahara. Kamati ikikisoma itaona kwamba hulipwi, na mwajiri akikisoma ataona tarehe, kazi na msimamizi wa kuulizwa. Toa nakala tatu. Katika CV usiandike «mjitoleaji» ukanyamaza: andika kwamba unaandaa dawa, unahesabu bidoni katika daftari, na kuwaelimisha watu wasiotaka kusikia. Huo ndio uhamasishaji wanaoutafuta.

Riziki, 19:34
Kwa Mwalimu kila ugonjwa dawa yake ni muhuri. Dada, zamu ya Kituku niachie, tulifundishwa pamoja. Yule bibi wa kitenge nitamvizia kwenye mitumbwi.

Papa Kasereka, 19:40
Je, kwenye kadi yako hakuna jina la mbadala wa kukuitikia?

Mama Neema, 19:43
Lipo, Papa, ni la baba yao. Yuko Walikale, na simu yake haipatikani.

Papa Kasereka, 19:49
Basi siwezi kuitika, lakini ninaweza kusimama. Saa kumi na moja nitakuwa kwenye mstari, nikukalie nafasi. Wewe fika saa kumi na mbili na nusu ukiwa na kadi na hicho cheti. Kwa namna hiyo utaitwa miongoni mwa wa kwanza, na saa mbili utakuwa juu ya pikipiki.

Mama Furaha, 20:02
Nilikuwa ninasafisha samaki wadogo wa sambaza, ndiyo maana nimekawia. Baraka mlete kwangu. Sokoni nitakwenda mchana. Ila lete uji wake wa soya, kwa sababu mara iliyopita alikula mboga ya sombe ya nyumba nzima, na mume wangu akala ugali kwa chumvi.

Mama Neema, 20:10
Mama Furaha, uji utakuwa katika termosi ya kijani, na nguo za kubadilisha ziko ndani ya mfuko huohuo. Tafadhali usimwache alale kabla ya saa nne, la sivyo usiku atatukesha.

Mama Esta, 20:14
Nani ana mashine ya kutoa nakala yenye wino? Ya kule barabarani inatoa kurasa nyeusi.